Haba na Haba, Chumba cha Tatu

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.
Hapa Ngara, Aprili, hujaza sufuria ya chumba cha tatu,
na sufuria yenyewe si ya maonyesho,
ingawa juzi mgeni aliipiga picha
akaniuliza ni ya mwaka gani.
Nikamwambia: ya Jumanne.

Nyumba hii aliijenga Menezes mpiga chapa:
mawe ya Njiru, mbao za mvule,
mabati yaliyokuja kwa reli.
Alichapa kadi za harusi, ratiba za mazishi,
na usiku, madirisha yakiwa yamezibwa kwa blanketi,
karatasi ambazo serikali ya wakati ule ilizitafuta kwa tochi.
Hayo ndiyo watu huja kuyasikia.
Hayo hayavuji.

Mimi huja na daftari.
Kushoto, mapato:
tiketi, mia mbili mtu mzima, hamsini mwanafunzi;
maharusi waliokodi baraza Jumamosi wapigwe picha
wakaacha mawaridi ya plastiki kwenye mlizamu;
chai ya Nyaboke, mandazi ya Nyaboke.
Kulia sina haja ya kusoma, napajua kama Baba Yetu:
mshahara wa Ekiru mlinzi, miezi miwili nyuma,
kodi ya ardhi, yenye riba, riba yenye watoto,
dawa ya mchwa,
maana mchwa hawajui kwamba hii ni turathi.
Kwao ni chakula cha jioni.

Tuliandika maombi ya fedha. Mfadhili akajibu kwa upole:
anaipenda sana historia.
Atatoa skrini ya kugusa.
Atatoa warsha ya siku tatu hotelini kuhusu uendelevu,
na kibao cha shaba chenye jina lake.
Paa, alisema, halimo katika vipaumbele vya mwaka huu.
Nikaenda warsha. Nikala samaki. Nikapewa mkoba na kalamu.
Kalamu ndiyo hii.

Bi. Gulshan, mwenyekiti wa wadhamini, miaka themanini na mmoja,
hunipigia simu kila wingu linapotanda upande wa Ngong:
"Umeziba?"
Nimeziba, Bibi. Ufa wa jikoni nimeuziba mara nne
na ukuta bado unanidai.
Yupo pia yule mwenye kampuni ya maghorofa
anayetuletea keki kila Krismasi.
Hasemi kitu. Huangalia juu tu,
kama mtu anayempima mgonjwa sanda kwa macho.

Fundi Mutisya alipanda kwa ngazi ya jirani,
akashuka na kutu kiganjani, laini kama ugoro.
"Tubadilishe mabati kumi na mawili mwaka huu," alisema,
"mengine tuyaombe yavumilie."
Nikaandika: mabati kumi na mawili, misumari, ombi.

Ijumaa walikuja wanafunzi wa gredi ya sita kutoka Huruma.
Nikawaonyesha mashine, herufi za risasi, blanketi lenyewe.
Wote waliuliza kuhusu tochi.
Mmoja tu, Awuor, soksi moja juu moja chini,
alisimama kando ya sufuria akihesabu matone,
kisha akauliza: "Na hii, nani analipa?"

Miaka kumi na mmoja niko hapa.
Wakubwa wamepita, wamesaini kitabu cha wageni
kwa saini zinazokula mistari mitatu.
Hakuna aliyeuliza.
Nikasema: sisi. Nikasikia neno lilivyo jembamba.
Akatoa sarafu ya ishirini, nauli au andazi, sijui.
Hatupokei, nilitaka kusema,
kisha nikakumbuka kazi yangu.
Nikafungua kitabu cha risiti, nikaandika jina lake lote,
nakala ya kaboni ikabaki nami:
shilingi ishirini tu. Kwa ajili ya: paa.

Usiku huu inanyesha tena.
Mutisya amefika bati la saba.
Nimemwaga sufuria mara mbili
na safu ya kulia bado ni ndefu.